Aliyeshika Kamera

6 Februari

Dada yangu,

Pokea salamu zangu, gunia zima, na ukipenda mgawie shemeji. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi la bweni, ambacho ungekuwepo ungekitibu kwa kunifokea tu. Wewe je, hujambo? Miguu imeacha kukusumbua? Simu yako haipatikani tangu mhamie huko. Shemeji aliniambia iliingia maji, akanipa sanduku la posta la studio yake, akasema barua ni tamu kuliko simu. Basi naandika. Mwandiko wangu unaujua, uuonee huruma.

Siku uliponisindikiza chuo, tulipoagana stesheni chini ya ile saa kubwa iliyokufa, ulisema kwenda chuo kusomea kutazama filamu ni sawa na kwenda chuo kusomea kulala. Sasa sikiliza. Tuna mwalimu mmoja, mama mnene mwenye rula ndefu, tunamwita Mwalimu Simamisha. Filamu haijafika mbali, anapiga rula mezani: simamisha. Tunabaki tunaitazama picha moja iliyoganda mpaka macho yanatoka machozi. Halafu anauliza maswali yake matatu, yale yale kila siku. Kamera imeshikwa na nani, na amesimama wapi? Nini kimeachwa nje ya fremu? Na picha hii imetengenezwa ili nani aione?

Wiki iliyopita alituonyesha kipande cha filamu ya nchi ya mbali. Binti anammiminia baba yake chai, macho chini, hasemi neno. Mwenzetu mmoja akasema huyu anaonewa. Mwingine akaja juu: kwao hiyo ndiyo adabu, asiyejua mila za watu anyamaze. Darasa likawaka moto. Mwalimu akasema macho ya chini hayana maana moja dunia nzima, kwanza tuijue desturi ya nyumba ile, kisha tuitazame picha yenyewe ilivyojengwa. Tukairudia. Tukagundua kwamba baba haonekani uso hata mara moja, ni mkono wake tu na kikombe. Nilipata baridi, dada, kwa mkono tu.

Nikakukumbuka. Wewe ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Pesa ya kiingilio cha kibanda cha video ilitutosha mtu mmoja, ukawa unaingia wewe kwa kuwa mkubwa, mimi nabaki nje nikisikiliza risasi kupitia mabati. Halafu kitandani unanisimulia yote, mpaka milio ya milango. Baadhi ya filamu zile nimeziona hapa chuoni. Dada, wote walikufa. Yule muuza maua, yule dereva wa lori, wote. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unawafikisha nyumbani salama ili mimi nipate usingizi.

Nina ombi. Tumepewa kazi ya kuchambua picha iliyopigwa nyumbani na mtu wa familia. Shemeji ni fundi wa video za harusi, na mimi nyumba yenu mpya sijaiona, wala huo mji wenyewe siujui. Mwombe anipigie kipande kifupi, wewe ukizunguka nyumbani kwako, aweke kwenye flashi anitumie.

Mdogo wako,
Sisimizi


20 Februari

Sisimizi mwenye miguu ya sindano,

Salamu zimefika na gunia nimelirudisha kwako likiwa limejaa. Mimi ni mzima. Miguu haisumbui siku hizi kwa sababu sisimami tena kutwa nikisuka vichwa vya watu. Shemeji yako amesema nyumba inanitosha. Kikohozi chako kinywee maji ya moto na uache kulala na dirisha wazi kama mwizi anayejisubiri mwenyewe.

Barua yako ilitufurahisha. Shemeji yako huniletea mwenyewe kutoka posta, hukaa karibu nami ninaposoma, na nikikwama kwenye mwandiko wako ananisaidia. Hilo la mkono wa yule baba nimelifikiria sana. Na hayo maswali matatu ya mwalimu wako ni mazuri, nimeyashika kichwani, hasa la mwisho.

Picha amepiga, flashi iko ndani ya bahasha. Usimwone mtu huyu anacheka na maharusi ukadhani ni mzima. Kwenye mambo ya filamu ni mgonjwa. Ukuta mzima wa sebule ni kanda na diski. Hakubali hata kidogo kwamba kuna filamu asiyoijua. Juzi fundi bomba alimtajia moja hapa, mtu akaacha wali mezani, akazunguka mji mpaka akaipata, akarudi ana raha kama ameokota dhahabu. Wali ulikuwa umeganda. Nikampashia.

Haya, chambua. Lakini usiniseme mashavu.

Dada yako mchokozi


3 Machi

Dada yangu,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Kikohozi kimekwisha. Wewe ni mzima? Safari hii usinijibu kwa mzaha.

Flashi ilifika, nikashangilia mpaka bweni zima likajua. Nyumba ni nzuri, na lile kochi jekundu nimelitamani. Mashavu sisemi. Kipande chako kilionyeshwa darasani, ukawa nyota, na Mwalimu Simamisha alikisimamisha mara nyingi kuliko filamu yoyote. Mwanzoni nilikuwa nacheka, baadaye nikaacha.

Nakuandikia tuliyoyaona, kama nilivyoyaandika kwenye kazi yangu, ambayo imepata alama za juu kuliko zote. Kamera iko mlangoni. Iwe sebuleni, iwe chumbani, aliyeishika anasimama mlangoni na wewe uko ndani, wala hakuna mahali unapopita upande wake. Kila anaposogea tunasikia funguo zikigongana kiunoni mwake. Hazionekani, zinasikika tu. Na wewe, kabla hujaketi, kabla hujafungua kabati, unaitazama kamera kwanza. Kuna aliyesema huyo ni mke mwenye heshima, kwetu ndivyo tulivyolelewa. Nikamjibu kwamba heshima ya kwetu naijua na dada yangu namjua. Anayeheshimu huinamisha macho. Wewe uliyainua, ukangoja, kama mtu anayengoja kuambiwa haya, fanya.

Halafu lile gauni la mikono mirefu, na jasho linakutiririka shingoni, wewe ambaye kwenye joto ulikuwa unasuka watu ukiwa na kanga begani tu. Halafu jikoni. Moshi umejaa, unakohoa, na nyuma yako kuna pazia la maua ambalo haliwezi kuwa la dirisha maana linafika sakafuni. Kama nyuma yake kuna mlango, mbona hukuufungua?

Mwalimu akaniuliza, "Nani ameshika kamera?"

Nikasema ni shemeji yangu. Akaniambia nikae. Baada ya kipindi aliniita pembeni akataka kujua mara ya mwisho kukuona ana kwa ana ilikuwa lini.

Dada, nakuuliza waziwazi, uko salama? Ukitaka nije, sema neno moja tu. Nielekeze mtaa.

Mdogo wako,
Sisimizi


14 Aprili

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na unaendelea vizuri na masomo. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu kwa kila jambo. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa barua yako ya tarehe 3 Machi ilifika, na niliisoma pamoja na mume wangu. Tulicheka sana kuona jinsi elimu inavyoweza kumfanya mtu aone yasiyokuwepo.

Samahani kwa kuchelewa kukujibu. Nilikuwa na homa kidogo, sasa nimepona.

Mume wangu hakukasirika. Amesema kama picha ya kwanza ilikuwa na makosa ya kiufundi, basi ni wajibu wa fundi kuirudia. Ameirudia. Amefanya kazi kwa uvumilivu mkubwa, na kila mahali nilipokosea alinielekeza mpaka nikapatia. Naambatanisha flashi nyingine. Mwonyeshe na mwalimu wako, na wanafunzi wote walioiona ile ya kwanza.

Kwa sasa hana nafasi zaidi, kwa kuwa anajiandaa na harusi kubwa ya mfanyabiashara mmoja, Jumamosi ya tarehe 16 Mei, ambayo itamweka mji wa jirani kutwa nzima.

Soma kwa bidii. Usijishughulishe na mambo ya nyumba za watu.

Ni mimi,
Dada yako


20 Aprili

Dada,

Hujambo? Nauliza ingawa hutaisoma hii. Haiendi posta, itakaa chini ya godoro langu, lakini nisipokuambia nitapasuka.

Tangu nizaliwe hujawahi kuniita mdogo wako mpendwa. Umeniita Sisimizi, kichwa cha nazi, mzigo wa kuni mbichi. Mwandiko ni wako, maneno ni ya mtu aliyesimama nyuma ya kiti chako.

Picha ya pili nimeitazama. Kila nililouliza limejibiwa. Kamera sasa iko ndani, na mlango wa sebule unaonekana wazi nyuma yako. Funguo umezishika wewe, unazichezesha kidoleni. Kamera huiangalii hata kwa bahati mbaya. Umevaa blauzi isiyo na mikono. Jikoni pazia limeondolewa, na kumbe mlango upo kweli, umefunguliwa, jua linaingia mpaka kwenye masufuria. Na unacheka. Nimeirudia mpaka macho yameuma. Mkono wako wa kushoto, mwanzo hadi mwisho, uko upande ule ambao kamera haiufikii.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Niliyaandika makosa yake yote nikampelekea mwenyewe kwenye sanduku lake la posta, nikidhani nazungumza na wewe. Ulikuwa umenieleza kwamba anakaa karibu nawe ukisoma, nami nikaona ni mapenzi. Mwalimu amenipigia ile rula miezi yote hii, picha hii imetengenezwa ili nani aione, nikajibu vizuri kwenye mtihani, halafu nikaandika barua bila kujiuliza nani ataisoma. Ile homa yako, dada. Naogopa kufikiri ilikuwa homa gani.

Nilikwenda kituo cha polisi. Wakaniuliza namba ya nyumba, nikasema najua sanduku la posta tu. Wakauliza kama umelalamika. Nikawaonyesha picha ya pili, nikawaeleza habari ya mkono, wakatazamana. Mmoja akasema mwanamke anayecheka hivyo amepata bwana. Nikamrudia Mwalimu Simamisha nikiwa nalia kama mtoto. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Usimwandikie dada yako tena," akasema. "Mwandikie mumewe. Halafu mwachie dada yako nafasi."

Kwa hiyo nitakuomba unisimulie filamu. Mkumbuke tu yule mbwa. Unajua, utoto wangu wote nilidhani kuna mbwa mmoja maarufu anayeigiza kila mahali, mwekundu, wa miguu mitatu, maana hakukosekana kwenye simulizi yako hata moja. Nimeziona filamu zile. Mbwa hayumo. Alikuwa anatokea pale tu ulipoiacha filamu ukaanza kutunga.

Sisimizi


20 Aprili

Dada yangu na shemeji yangu,

Salamu nyingi kwenu nyote wawili. Mimi sijambo, ila aibu inaniua. Poleni kwa homa iliyomwingilia dada, na hongera kwa picha ya pili. Nimeionyesha darasani na wenzangu wamenicheka wiki nzima. Shemeji, umenifunga mdomo. Huo ndio ujinga wa shule, mtu anajifunza neno moja asubuhi, mchana anataka kulitumia kwa kila anayekutana naye. Naomba mnisamehe.

Sasa nina mtihani wa masimulizi. Tunatakiwa tueleze filamu moja ya zamani kama ilivyosimuliwa na mtu aliyeiona, tuangalie msimulizi anakumbuka nini na anasahau nini. Dada, nisimulie moja kama ulivyokuwa unanisimulia kitandani. Yoyote utakayokumbuka, usiache kitu. Shemeji akilijua jina lake atusaidie.

Mdogo wenu,
Sisimizi


5 Mei

Sisimizi,

Salamu zetu zikufikie. Sisi wazima, na msamaha umepewa. Shemeji yako ameniruhusu nikusaidie mtihani, tena ameniletea kalamu mpya.

Filamu yenyewe niliiona zamani pale kibandani, na jina limenitoka kabisa. Shemeji yako nimemsimulia, anasema haijui. Nimeshangaa, maana siku zile hakukuwa na mtu ambaye hakuiona.

Ni habari ya mpiga tarumbeta na mkewe. Wanaishi nyumba ya mwisho wa barabara. Mume akipiga, mtaa wote unasimama kumsikiliza, na mke lazima aketi mbele yake mpaka amalize, hata kama chungu kinaungua. Kuna picha moja humo sitaisahau. Mke anatoka kitandani, anavuka vyumba vyote mpaka nje, picha moja tu ndefu bila mkato, kamera iko nyuma ya kisogo chake, na tarumbeta inasikika kila chumba ingawa mpigaji haonekani popote. Shemeji yako anasema hakuna fundi wa zamani aliyeweza kupiga picha ya namna hiyo, nitakuwa nimeota. Mimi nasema niliiona kwa macho yangu haya mawili.

Basi Jumamosi moja mpiga tarumbeta anaalikwa kwenye harusi ya tajiri, kutwa nzima. Mke anavaa viatu, anakwenda stesheni. Pale stesheni kuna saa kubwa iliyosimama, na chini ya saa mdogo wake anamsubiri. Mbwa mwekundu, wa miguu mitatu, amelala pale chini ya saa tangu asubuhi ya Jumamosi, na watu wanamruka. Hapo umeme ukakatika. Waliorudi kesho yake waliona mwisho, mimi sikuwa na kiingilio.

Soma vizuri. Kula vizuri.

Dada yako


Jumatano, 13 Mei

Shemeji,

Salamu. Natumaini masomo yanakwenda. Dada yako hajambo, analala sana siku hizi.

Nimekuwa nikizisoma barua zako kwa furaha, na sioni sababu ya sisi wawili kuendelea kujifanya vinginevyo. Una jicho. Ungekuwa mwanangu wa kazi ningekuweka kwenye uhariri. Uliyoyasema juu ya picha yangu ya kwanza yalikuwa kweli kiufundi, nilikuwa nimezembea, na sizembei tena.

Hii filamu ya tarumbeta inaninyima usingizi. Nimepekua ukuta wangu wote. Nimezunguka kila duka la kanda hapa mjini, nimewapigia simu mafundi wenzangu, hakuna aliyewahi kuisikia. Dada yako anashikilia kwamba ipo, tena anaielezea ile picha ndefu vizuri mno kwa mtu anayeota. Kuna mzee mmoja, mwendo wa saa kadhaa kutoka hapa, aliyekuwa akisambaza filamu enzi hizo na hajatupa hata moja. Naondoka sasa hivi kwenda kwake. Barua hii nitaiposti njiani. Kama naye haijui, basi filamu hiyo haipo, na nitajua imetungwa na nani, na kwa ajili gani.

Ile harusi ya Jumamosi nimempa msaidizi wangu. Jumamosi nitakuwa nyumbani na mke wangu. Wewe usijisumbue kusimama chini ya saa, jua ni kali.

Nikipata nafasi nitapita chuoni kwenu. Sijawahi kukupiga picha.

Shemeji yako


18 Mei

Dada,

Uko wapi? Hiyo ndiyo salamu yangu leo, sina nyingine, na barua hii nayo haiendi posta.

Jumamosi nilifika stesheni kabla ya wafagiaji. Nilisimama chini ya saa nikiwa nimejifunga kitambaa chekundu ili unione kwa mbali. Kila treni iliyoingia nilihesabu wanawake wanaoshuka, nikikutafuta kwa mwendo maana uso ungeweza kuwa umeuficha. Mwalimu alikuja mchana na maji na mkate, akasimama nami mpaka treni ya mwisho. Hukushuka.

Leo asubuhi nimepata barua ya shemeji, ameiandika Jumatano. Nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale posta. Wakati mimi nakungoja Jumamosi, yeye alikuwa amekaa nyumbani kwa ajili hiyo hiyo. Nimekuua, dada. Nilikuomba filamu, ukanipa, na yeye akaisoma. Sijui tena hata kulia.

Naandika haya ofisini kwa Mwalimu Simamisha. Amenikataza kurudi bwenini. Mlinzi wa geti amekuja sasa hivi kusema kuna mgeni ananiulizia, mtu mpole, amebeba begi la kamera. Mwalimu amevaa viatu vyake, amechukua rula, ametoka, amefunga mlango kwa nje.

Sisimizi


9 Juni

Sisimizi, kichwa cha nazi,

Nakupa salamu zote nilizokunyima. Mimi ni mzima, nimekonda, mashavu uliyokataa kuyasema hayapo. Wewe ni mzima? Kula. Barua hii nimempa mtu niliyekuwa namsuka zamani, akufikishie mkononi. Usimwulize ameipokea wapi, na ukimaliza kuisoma ichome.

Najua ulinisubiri na najua ulilia. Nisamehe. Lakini wewe msomi wa filamu, mwenye alama za juu, hukuona mbwa amelala wapi? Unamjua yule mbwa kuliko mtu yeyote. Alipo yeye, ndipo nilipotunga. Nilimlaza chini ya saa, Jumamosi, ili ujue hakuna stesheni na hakuna Jumamosi. Hiyo niliitunga kwa ajili ya shemeji yako, aikalie macho siku hiyo na asiziangalie siku nyingine. Na ile picha ndefu isiyo na mkato niliitunga kwa ajili yake pia. Uliniandikia mwenyewe, picha hii imetengenezwa ili nani aione. Swali hilo nililirudia kila siku nikiosha vyombo, mpaka nikalielewa. Nilijua akiambiwa kuna filamu asiyoijua hatatulia. Hakutulia. Alikuwa ananiamsha kuniuliza kamera ilikuwa urefu gani. Jumatano akawasha gari akaenda kwa yule mzee wake, akaniachia kufuli mbili mlango wa mbele.

Mlango wa jikoni alikuwa ameupigilia misumari tangu siku tuliyohamia. Wewe uliona pazia tu, ukauliza. Kwa swali lako aliing'oa ile misumari ili mlango uonekane wazi kwenye picha, na tulipomaliza kupiga akairudisha ile ile, kwenye matundu yale yale. Msumari ukishatoka haushiki tena kama mwanzo. Niliing'oa kwa kisu na mchi, kwa mkono mmoja. Mkono wa pili sikufichi, uliumia kwa ajili ya barua yako ile ya Machi na haunyooki mpaka leo. Utajilaumu, nakujua. Jilaumu kidogo, kisha kumbuka na mlango. Vyote viwili vilitoka kwenye barua moja.

Nimesikia alivyokuja chuoni, na mwalimu wako alivyomkalisha mpaka polisi wakafika. Mpe huyo mama mkono wangu. Nimesikia pia kwamba polisi walipomuuliza habari zangu, aliwasha kamera akawaonyesha ile picha ya pili. Wakaona nyumba nzuri, mlango wazi, mwanamke anacheka. Wakamwomba radhi, akaondoka. Kwa hiyo yuko nje, Sisimizi, na ananitafuta kama anavyotafuta filamu. Usitembee peke yako. Akikuletea zawadi usipokee, akitaka kukupiga picha kataa, na usiniandikie, maana sina sanduku la posta na sitaki uwe nalo.

Lakini usiwe na wasiwasi juu yangu. Nimepata mahali pazuri. Chumba kina kitanda na dirisha, mwenye nyumba ni mama mwema asiye na maswali, na komeo liko upande wa ndani. Mlangoni analala mbwa mmoja mwekundu, wa miguu mitatu, hamruhusu mtu kupita. Basi lala.

Dada yako